Kigoda Dukani kwa Gulled

Mwanamuziki wa Kisii au Nyamira akitaka kununua chombo, ana njia nyingi za kupoteza akiba yake. Anaweza kuagiza Nairobi kwa simu, atumiwe picha inayong'aa, kisha kifurushi kije kwa basi na ndani mna kinanda ambacho nusu ya vitufe vyake vimelegea. Anaweza kuingia kwenye duka kubwa linalopanga vinanda karibu na majiko ya gesi, ambako muuzaji mwenyewe hajui vinawashwa wapi. Anaweza pia kununua vyombo vya bendi iliyovunjika, arithi na ugomvi wao wote. Lakini wale waliokwisha kutapeliwa mara moja, wawe wa kwaya au wa baa, hushuka mjini Kisii, wakaenda nyuma ya msikiti kwenye duka la Gulled. Na kabla ya kushuka, humpigia simu Kwamboka.

Gulled mwenyewe alishafariki. Duka liko mikononi mwa binti yake, Kinsi, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi, ambaye anajua jina na bei ya kila waya lakini atakwambia mwenyewe kwamba hajui kutofautisha sauti nzuri na mbaya. Hilo halikumsumbua baba yake wala halimsumbui yeye, kwa sababu duka lina desturi yake. Hakuna sanduku linalotoka bila kufunguliwa. Chombo huwekwa mezani, umeme huwashwa, na mjaribu huketi kwenye kigoda cha mti kilicho kando ya mlango. Akisema "Wekeni", Kinsi hulifunga sanduku na kulirudisha kwa aliyemletea, na hakuna anayenuna. Akisema "Chukueni", biashara imekwisha, na baada ya neno hilo hakuna kurudisha. Ratemo wa Nyamarambe, mpiga obokano, lile zeze kubwa la Wakisii, alinunua maiki yake hapo kwa desturi hiyo hiyo, ingawa obokano ni chombo cha babu zetu na hakijawahi kuuzwa ndani ya sanduku.

Na mjaribu, kwa miaka mingi, amekuwa Kwamboka.

Ukimwona kwenye shamba lake la majani chai kule Magwagwa, Nyamira, na kapu mgongoni na magunia kiunoni ya kuzuia umande, hungemdhania makuu. Alijifunza kinanda kanisani angali msichana, kile cha kale cha kukanyaga kwa miguu, na siku hizi ni mwalimu wa kwaya ya Wasabato wa hapo kwao. Katikati ya hayo amepiga kinanda kwenye harusi na mazishi yasiyo na idadi, amekaa kando ya spika ndefu kuliko yeye, akivumilia. Siku moja zamani wanaume wa kwaya fulani walikisifu kinanda dukani kwa Gulled mpaka wakaanza kukibeba. Kwamboka, aliyekuwa amekuja kununua waya tu, akainamisha kichwa, akageuza sikio lake la kulia, akasema kuna noti moja ndani humo inalia mafua. Wakaitafuta wakaipata. Gulled alicheka sana, akamtengea kigoda. Toka siku ile, watu husema "sikio la Kwamboka" kama wanavyotaja jina la kiwanda. Malipo yake yamekuwa yale yale, glasi ya maziwa moto yenye tangawizi, kwa kuwa mwanamke huyu anayechuma majani chai tangu utoto hanywi chai kwa imani yake, na pale dukani walishaacha kumcheka kwa hilo.

Sikio lenyewe lilianza kumwacha wakati wa mvua za masika.

Aligundua kwa vifaranga. Asubuhi moja alitoka jikoni, akaona kuku ametulia na vifaranga wake kando ya ukuta, vinywa vikifunguka na kufumbika, na hakusikia kitu. Alidhani wameugua. Alipogeuka kumtazama paka, upande wa kushoto ukaleta vilio vyao vyote kwa pamoja. Akasimama pale na sahani ya uji mkononi. Alijaribu tena na tena siku zilizofuata, kwa funguo, kwa kijiko na sufuria, kwa mlio wa simu. Sauti nene alizisikia vizuri tu. Sauti nyembamba za juu, kwa upande wa kulia, zilikuwa zimeondoka bila kuaga. Hakumwambia mtu, hata mumewe Masese. Aliogopa. Bila lile sikio angekuwa mama mmoja tu wa Magwagwa mwenye kapu, na yeye alishaonja kuwa zaidi ya hapo.

Kwa hiyo akaendelea kwenda dukani, akaendelea kuketi kwenye kigoda, akaendelea kusema "Chukueni" na "Wekeni", akibahatisha kwa sikio la kushoto pale alipoweza kuligeuza bila watu kuona. Mara chache aliweza. Kwaya moja ya Kenyenya ilinunua kinanda hivyo. Wakatoliki wa Nyamarambe nao wakanunua spika.

Ndipo ikaja Ijumaa ya makambi.

Makambi, kwa asiyeyajua, ni zile siku za Agosti ambapo Wasabato wa makanisa jirani hukusanyika uwanja mmoja, wakapiga mahema, wakaimba na kuhubiriwa hadi Sabato ya mwisho, ambapo watu huja hata kutoka kaunti nyingine. Mwaka huu uwanja ulikuwa wa Magwagwa, na kwaya ya Kwamboka ndiyo wenyeji. Alhamisi mvua ilipenya hema, ikaziua spika za kanisa. Ijumaa asubuhi mwenyekiti wa kwaya, Nyamongo, akawasha pikapu yake. Nyamongo ni mtu mwema mwenye papara, anayefunga breki na kukanyaga mafuta kwa wakati mmoja, garini na katika mambo mengine. Alimchukua Kwamboka, akamchukua na Mokeira, mwimbaji wao wa sauti ya juu, wakashuka Kisii.

Siku yenyewe ilikuwa nyembamba. Kinsi hufunga duka adhuhuri ya Ijumaa kwa swala, na Msabato hanunui wala habebi bidhaa jua la Ijumaa likishazama. Walihitaji kujaribu kabla ya adhana, kubeba baada ya swala, na kufika nyumbani kabla ya Sabato kuingia. Njia nzima Nyamongo aliongea kuhusu hilo. Kwamboka alikuwa ameketi kushoto kwake, sikio la kulia likimwelekea dereva, na kwa kelele za injini hakupata hata nusu ya maneno. Akajibu "ee" kwa kila kitu. Siku hizo "ee" ilikuwa imekuwa jibu lake kubwa.

Walipoingia dukani, jambo la kwanza aliloliona ni kigoda. Hakikuwa mahali pake. Kilikuwa kimewekwa upande wa pili wa meza, karibu na kabati la waya.

"Nani amehamisha kigoda changu?" akauliza.

"Ni mimi, Mama," Kinsi akasema. "Huku kuna nafasi nzuri."

"Nafasi ya nani? Miaka yote nakaa pale."

Kinsi akamtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida. "Naona siku hizi simu unaiweka upande ule mwingine," akasema kwa sauti ya chini. "Nikafikiri labda huku utakuwa sawa zaidi."

Kwamboka alihisi uso ukimchoma. Nyamongo alikuwa nyuma yake, Mokeira kando, na mteja mwingine mlangoni aliyekuwa akinunua betri alishamtambua na kuanza kumwonyesha mwenzake sikio lenyewe kwa kidole. Akakishika kigoda, akakiburuta kwa kelele hadi kando ya mlango, akaketi. Kinsi akachukua kisu. Akafungua masanduku.

Spika zilikuwa mbili, nyeusi, zimesimama wima kwenye meza. Kinsi akaunganisha kinanda cha duka na maiki. Mvua ya Kisii, ile ambayo kwa kawaida hungoja alasiri, siku hiyo iliamua kuwahi. Ilianza kugonga mabati polepole, kisha ikamwagika.

"Mokeira, imba," Nyamongo akasema. "Haraka, hawa wanafunga."

Mokeira akasimama nyuma ya spika kwa sababu ndipo waya ulipofikia, akaimba. Kwamboka akafumba macho na kuelekeza sikio la kulia, kama watu walivyomzoea. Sauti nene zilikuja safi, zenye kifua. Sauti ya kati ikaja. Mokeira akapanda juu, na huko juu Kwamboka akawa kama mtu anayesikiliza maongezi ya chumba cha pili na mlango umefungwa. Kulikuwa na kitu au hakukuwa na kitu? Aligeuze sikio la kushoto, aone? Ni kugeuza shingo tu. Lakini wote walikuwa wakimtazama, na mwenye betri alikuwa ameacha kuhesabu chenji yake ili aone. Mtu hawezi kuketi pale na kugeuza sikio jingine bila kuulizwa kwa nini. Moyo ulimpiga hivi kwamba hata huo ulikuwa kelele nyingine ya kuongezea mvua.

"Tena," akasema.

Mokeira akaimba tena. Nyamongo hakusikia kasoro, lakini Nyamongo alikuwa mlangoni akitazama pikapu na mabati yalikuwa yakinguruma. Mokeira alikuwa nyuma ya spika, ambako sauti nyembamba hazifiki vizuri. Kinsi alikuwa akifunga droo.

"Mama," Kinsi akasema, "mvua ni kubwa. Tukitoka swala itakuwa imepungua. Jaribu tena hapo. Au hata sasa, kaa tu upande huu kidogo."

Hapo ndipo palipokuwa na mlango wa kutokea, wazi kabisa, na Kwamboka akaupita. Alichosikia katika maneno yale hakikuwa huruma. Alisikia siri yake ikitamkwa mbele za watu.

"Kinsi mwanangu, mimi nimejaribu vyombo hapa wewe ukiwa shule," akasema. Akasimama. "Chukueni."

Nyamongo akapiga makofi. Adhana ikaanza. Kinsi akarudisha spika kwenye masanduku, akayasukuma ndani, akafunga duka na kwenda zake msikitini. Wale watatu wakaenda kula ndizi na mboga katika soko la Daraja Mbili, na Kwamboka hakumaliza sahani yake. Baada ya swala walirudi, wakapakia, wakafunika kwa turubai, wakapanda.

Walifika Magwagwa jua likiwa limeinama juu ya mashamba ya majani. Uwanja ulikuwa katika ile haraka ya Ijumaa jioni ambayo Msabato anaijua tangu tumboni: wanawake wakimalizia kupika cha kesho, wanaume wakipasua kuni za mwisho, watoto wakiogeshwa kwa nguvu. Vijana wa kwaya wakazipandisha spika jukwaani. Kwamboka akasimama chini ya jukwaa, mahali pake, upande ambao spika ya karibu ilikuwa kulia kwake.

"Mokeira, tuonje kidogo kabla jua halijazama," Nyamongo akaita.

Mokeira akaimba. Akapanda juu. Kwamboka alikuwa akitikisa kichwa kwa kuridhika, akitabasamu, alipoona mama mmoja aliyekuwa akimenya viazi akishika masikio. Kisha mwingine. Kisha kwaya nzima wakawa wanamtazama yeye, na tabasamu lake likabaki usoni bila kazi. Akageuka. Sikio la kushoto likapokea: kwenye sauti za juu, spika ya karibu ilikuwa ikikwaruza kama sufuria inayosuguliwa kwa mchanga.

"Acha, acha!" Nyamongo akapaza sauti. Uwanja ukatulia. Akaruka jukwaani, akazunguka spika, akaipiga kofi la pembeni kana kwamba ingekiri. "Hii si ile. Watu wa kwaya, hii si ile tulijaribu!"

Kwamboka akapiga hatua kuelekea jukwaani.

"Mwalimu alikaa pale akasikiza mara mbili," Nyamongo akaendelea. "Hii kelele hata mtoto anaisikia. Mwalimu hawezi sema chukueni kwa kitu kama hii. Sanduku zilibaki kwa duka wakienda kuswali. Ndiyo hapo wametubadilishia!"

Mzee mmoja akasema taratibu kwamba duka la Gulled halijawahi kufanya hivyo. Mwingine akasema Gulled hayuko, na siku hizi biashara ni biashara, na watu ni watu. Mama wa viazi akaongeza kwamba yeye hajawahi kumwelewa yule binti, mbona haongei. Ikawa hivyo haraka. Kila mmoja akakumbuka kitu kidogo, na vitu vidogo vikapanda kimoja juu ya kingine, na vyote vilisimama juu ya sikio la Kwamboka. Walikuwa wakimtetea. Hilo ndilo lililomtesa. Hakuna hata mmoja aliyemshuku, na kadiri walivyozidi kumwamini ndivyo Kinsi alivyozidi kuwa mwizi.

Nyamongo alikuwa ametoa simu. "Naandika kwa grupu ya walimu wa kwaya. Iko na watu wa bendi pia. Kisii, Nyamira, wote. Hakuna mtu ataingia kwa hilo duka tena."

"Nyamongo," Kwamboka akasema. "Tiga, acha kwanza. Mpigie."

"Nimpigie aseme nini?"

"Mpigie nimekwambia."

Akampigia, akiweka sauti ya simu nje ili wote wasikie. Kinsi aliitika. Nyamongo akamwagia yote, spika, kelele, swala, masanduku, grupu, bila kupumua. Kinsi akamwacha amalize.

"Sijabadilisha kitu, walahi," Kinsi akasema. "Masanduku yalikaa pale pale mlipoyaacha. Mpe Mama simu."

"Ongea tu, anakusikia."

"Mama, uko hapo?"

"Niko," Kwamboka akasema.

"Mama, wewe ndiye ulikaa kwa kigoda. Baba aliniachia duka na hiyo desturi, kwamba neno la aliyekaa pale ndilo la mwisho, hata kama si la faida yangu. Sasa nasema hivi wakinisikia. Ukisema nimebadilisha, basi nimebadilisha. Nitakubali mbele ya hao watu, na Jumapili nitaleta spika nyingine mimi mwenyewe. Lakini sitaki kuambiwa na mwenyekiti. Niambie wewe."

Nyamongo akamnyooshea simu. Kwamboka akaipokea, akaipeleka kwenye sikio la kulia, kwa mazoea ya kujificha, na sauti ya Kinsi, ikimwita tena, ikafifia. Akaihamisha polepole kwenye la kushoto, mbele ya kila mtu. Mokeira alimwona, akashika kinywa chake.

Jua lilikuwa limegusa majani. Kwamboka alifikiri mambo mengi, na mengi yalikuwa ya aibu. Alifikiri kwamba neno moja, "umebadilisha", lingemrudishia kila kitu: sikio, kigoda, vijana wa Kenyenya wanaoinuka akiingia. Kinsi angelipa na kunyamaza, kama kawaida yake. Alifikiri jinsi alivyokiburuta kile kigoda. Alimwona kwa mawazo Kinsi asubuhi ile akikihamisha kabla hawajafika, peke yake, ili mtu mzima asiulizwe mbele za watu kwa nini ametaka kuhama. Alijisikia mdogo sana.

"Kinsi," akasema, "hujabadilisha. Ni hii hii niliyosema ichukuliwe."

Akainua sauti ili wote wasikie.

"Sikio langu la kulia limekufa kwa sauti za juu tangu masika. Sikusikia kitu pale dukani. Ulinihamishia kigoda, nikakirudisha. Ulinipa nafasi ya pili, nikaikataa, kwa sababu watu walikuwa wananitazama."

Kinsi akasema, "Desturi ni kwamba baada ya chukueni hakuna kurudisha. Lakini neno la mtu asiyesikia si neno. Leteni Jumapili. Sabato njema, Mama." Akakata.

Kwamboka akamrudishia Nyamongo simu. Alitaka sana kukaa chini, na hapakuwa na mahali.

"Mwalimu," Nyamongo akasema. Ghadhabu yake ilikuwa bado imejaa na haikuwa na mahali pa kwenda. "Nilikuwa naandika. Nilikuwa nimebakisha kubonyeza tu. Ningemmaliza yule mama."

"Najua."

"Kwa nini hukutuambia?"

"Niliogopa mtaniacha."

Alikuwa amelisema, na hakuna aliyekimbilia kumwambia kwamba wasingemwacha. Nyamongo alitazama chini, kisha akainua uso taratibu, na Kwamboka aliliona swali kabla halijafika. "Na kinanda ya Kenyenya? Na ile spika ya Wakatoliki kule Nyamarambe? Hizo pia ulisema chukueni?"

"Ee," akasema. Na hii ilikuwa "ee" ya kweli.

Jua likazama. Mzee wa kanisa akaanza wimbo wa kufungua Sabato kwa sauti tupu, na watu wakamfuata kwa kuwa saa yenyewe ilikuwa imefika, haikujali mambo ya mtu.

Kesho yake kwaya iliimba kwa spika moja. Kwamboka aliwaongoza kwa mkono, na waliimba vizuri, kwa sababu walikuwa wamefundishwa vizuri. Baada ya ibada wanawake wawili walikuja kumshika mkono. Wengine walimpita wakitazama chakula. Nyamongo hakumsemesha siku nzima. Usiku Masese alimuuliza kwa nini hakumwambia hata yeye, na swali hilo lilimuumiza kuliko yote ya uwanjani.

Jumapili pikapu ilishuka tena Kisii na wale wale watatu. Kwamboka alikuwa amesema mwenyewe kwamba atakwenda, ingawa hakuwa amealikwa. Njia yote alijiandaa kusimama mlangoni tu.

Kigoda kilikuwa upande wa pili wa meza, karibu na kabati la waya. Kando yake Kinsi alikuwa ameweka kingine, kipya, bado kikinuka vanishi.

Kwamboka aliketi kwenye kile cha zamani, pale kilipowekwa. Sikio la kushoto likaelekea meza. Akamwambia Mokeira aketi kwenye kile kipya, na Mokeira akasita, akamtazama Nyamongo, kisha akaketi ukingoni kama mtu aliyekalia kiti cha mtu mwingine. Kinsi akafungua sanduku. Mtu mmoja wa bendi aliyekuwepo akaombwa aimbe, akaimba, akapanda juu, sauti ikatoka nyeupe. Kwamboka aliisikia yote.

"Umesikia nini?" akamuuliza Mokeira.

"Iko sawa. Mbuya mono, nzuri sana."

"Chini je?"

Mokeira akafikiri. "Rudia chini," akamwambia mwimbaji. Akasikiliza, kichwa kimeinama. "Chini pia iko sawa."

"Basi sema."

"Nani? Mimi?"

"Sema."

"Chukueni," Mokeira akasema, kwa sauti ndogo hivi kwamba ilibidi Nyamongo amwombe arudie.

Kinsi akaleta glasi mbili za maziwa. Alipomwekea Kwamboka yake, alibakiza mkono begani mwake kidogo, kisha akaenda kuhudumia mteja. Kwamboka alitaka kumwomba msamaha na akawa hana pa kuanzia, basi akanywa maziwa yote, hata tangawizi iliyobaki chini, na akamrudishia glasi kwa mikono miwili. Kinsi akaitikia kwa kichwa.

Nje, spika ilikuwa imeshafungwa garini. Kwamboka alisimama kando ya pikapu akitafuta simu kwenye mkoba. Alikuwa amepanga kuwapigia wa Kenyenya, awaombe wamsubiri, kisha atafute njia ya kufika. Wangemfukuza au wangemsikiliza, hakujua. Alikuwa na hofu kuliko siku ya Ijumaa, kwa sababu Ijumaa kulikuwa na pa kujificha.

Nyamongo akafungua mlango wa abiria kutoka ndani. Mokeira alikuwa ameshapanda nyuma, ameketi juu ya turubai, akishikilia sanduku. Gari lilikuwa limegeuzwa. Halikuelekea Nyamira tena, lilielekea upande wa Kenyenya, ambako si njia ya kwenda nyumbani hata kidogo.

Kwamboka akapanda. Gari likaondoka kwa ule mruko wa Nyamongo. Wakapita soko, wakapita kituo cha mafuta, na hapo Nyamongo, macho yakiwa barabarani, akasema kitu, mara yake ya kwanza kumsemesha tangu Ijumaa. Injini ikayameza maneno.

"Ee" ilikuwa tayari ulimini. Kwamboka akaimeza. Akageuka kwenye kiti, mwili mzima, hadi sikio la kushoto likamwelekea dereva.

"Sikusikia," akasema. "Sema tena."

Nyamongo akapunguza mwendo, akasema tena.